Ngoma Iliyokazwa Mno

Ukitaka kumjua Uweso, mpelekee baiskeli inayolia. Hatakuuliza jina lako wala utokako. Ataipindua magurudumu juu, atalizungusha la mbele, kisha la nyuma, na ataliinamisha sikio kama mtu anayesikiliza siri ya jirani. Halafu atasema, "Yatikisika hapa," na mkono utakwenda mfuko wa nyuma wa suruali, ambamo spana namba kumi na tatu imekaa miaka mingi mpaka imejichongea umbo lake kwenye kitambaa. Atakaza. Kelele itakoma. Utalipa na utaondoka, na njiani utashangaa mbona baiskeli imekuwa kimya hivyo.

Kibanda chake kipo Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano, na katika mji huu ambao mpaka leo watu huenda sokoni, kazini na msibani kwa baiskeli, hajapata kulala na njaa. Sheria yake ni moja tu: kinachotikisika kitaua mtu, basi kikazwe. Hakuitoa kitabuni. Alipokuwa bado anajifunza kazi aliona kwa macho yake gurudumu la mbele likichomoka mteremkoni, na mwenye baiskeli akaanguka akavunjika mguu, kwa sababu ya nati moja iliyolegea. Nati ile aliifunga Uweso. Tangu siku hiyo, hata mlango wa choo chake ukicheza bawaba, haendi kulala mpaka aukaze.

Siku za shughuli Uweso huoga mapema, huzipaka mafuta zile nywele alizobakiwa nazo, akaenda kupiga dramu. Hilo ndilo jambo la pili la kumjua, na kwake yeye ndilo la kwanza. Ni mwaka wa ishirini na sita sasa anapiga katika bendi ileile, bendi iliyoanzishwa na marehemu Mzee Marhun, Mwarabu mwenye minazi upande wa Moa, ambaye ndugu zake walimlaumu mpaka kaburini kwa kupenda muziki kuliko nazi. Alipofariki, bendi ikabaki kwa bintiye Fakhria, mwimbaji mwenyewe, mwenye sauti ya kufanya harusi nzima inyamaze na sikio la kusikia kosa kabla halijatendeka.

Sikio hilo ndilo lililomfikia Uweso Jumatatu moja, kwenye mazoezi, uani kwa Fakhria, Chumbageni.

Fakhria alisimamisha wimbo katikati. Katika kila wimbo wake kuna mahali anaponyamaza kabla ya kiitikio, na hapo tomu ndizo zinazomjibu. Tomu ni zile ngoma mbili ndogo zinazokaa juu ya ngoma kubwa ya mguu, mbele ya mpigaji. Mwimbaji anauliza, tomu zinajibu, watu wanaruka. Siku hiyo aliuliza, na kilichojibu kilikuwa kama mtu anayegonga gunia la mchele.

"Mzee Uweso," Fakhria alisema, "mbona hapo hapasikiki?"

Kabla hajalisikia swali, Uweso alilisikia lile neno. Miaka yote alikuwa Bwana Uweso. Huo uzee umeingia lini?

"Nimepiga, Bi Fakhria."

"Nimeona umepiga. Nasema sijasikia." Akashusha sauti, kwa kuwa hakuwa mkatili. "Mkono ukichoka si aibu. Umetufanyia mengi, na marehemu baba angesema hivyohivyo. Lakini Jumamosi tuna harusi Pongwe, na Badru ana mapigo yote ndani ya kinanda chake. Nimemwambia ayaweke tayari. Tutaanza na wewe. Nikinyanyua mkono, Badru abonyeze, na baada ya hapo wewe upumzike kabisa."

Badru, mpiga kinanda, akatazama chini akajifanya anafuta vumbi kwenye vitufe vilivyokuwa safi.

Uweso alirudi nyumbani akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Ana miaka hamsini na tisa. Kwamba mkono unazeeka, hilo analijua. Hata chuma huchoka. Ila yeye ni fundi, na fundi haambiwi kitu kimekufa akakubali kabla hajakifungua akaona. Je, ni mkono? Au ni ngoma? Na kama ni ngoma, kwa nini? Mchezaji mbovu husingizia uwanja, wamesema wahenga, na hilo ndilo lililomtia kigugumizi. Aliogopa kuonekana anasingizia.

Kesho yake aliupima mkono. Alipokosa mteja alipiga ndoo, akapiga debe, akapiga tandiko la baiskeli ya Innocent, mchomeleaji wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, mpaka Innocent akauliza kama ameingiwa na shetani wa ngoma. Ndoo ililia kama ndoo. Debe likalia kama debe. Lakini hilo lingemwambia nini? Nani amewahi kusikia ndoo iliyonyimwa sauti na mpigaji? Ngozi za tomu alishazibadilisha kabla ya Ramadhani, na gunia la mchele likabaki gunia la mchele. Ilikuwapo njia moja nyepesi: kumwambia Badru azipige yeye, wasikilize. Hiyo hakuithubutu. Je, kama zingelia kwa Badru?

Basi akafanya analolijua. Alasiri alikwenda kwa Fakhria kuzichukua tomu zote mbili, pamoja na chuma zinapokaa, akazifunga nyuma ya baiskeli, akazipeleka nyumbani kuzikaza.

Hapa lazima nieleze zilivyofungwa, maana kisa chote kimo humo. Mzee Marhun alizinunua dramu zile Mombasa zikiwa zimekwisha kutumika, na tomu zilikuwa zikiyumba. Akamkabidhi Uweso. Uweso akatoboa tundu ubavuni mwa kila tomu, akapitisha bomba nene la chuma mpaka ndani ya tumbo la ngoma, akalibana kwa bamba nje na bamba ndani. Mwaka uliofuata akaona bado zatikisika kidogo, akaongeza boliti. Kisha washa, vile viduara vya bati vinavyokaa chini ya nati. Kisha bamba la tatu. Harusi moja kule Moa, mjomba wa bwana harusi, mtu wa kilo zaidi ya mia, alijikwaa akaiangukia tomu ya kulia kwa uzito wake wote, na tomu haikusogea hata unywele. Uweso amekisimulia kisa hicho miaka minane bila kuchoka. Aliyechoka ni mkewe.

Mkewe ni Sabiha, mama wa Nasra, na Sabiha ni mpiga matari wa kikundi cha maulidi cha akina mama wa mtaani. Jioni hiyo alimkuta mumewe amekaa uani juu ya kibao cha mbuzi, amezungukwa na nati. Kuzifungua tu kulimchukua muda wote toka alasiri, kwa jinsi alivyokuwa amezifunga mwenyewe. Tomu moja alikwisha kuitoa kwenye bomba lake.

"Baba Nasra, kibao changu nakitaka, nina nazi ya kukuna. Na hii ngoma yafanyani juu ya ungo wangu?"

Hakungoja jibu. Aliinyanyua tomu kwa vidole viwili, akiishika kwenye ile pete ya juu inayobana ngozi, na kwa mazoea ya mtu aliyezoea matari akaigonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kuiweka chini.

Ikalia. Haikutoa lile *du* la gunia. Ilitoa sauti nene, ya mviringo, iliyotoka ikazunguka ua mzima, ikaondoka polepole kama haitaki kwenda. Nati ilimdondoka Uweso.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Gonga tena."

Sabiha akagonga. Ikalia tena. Uweso akainuka, akaichukua, akaiweka pajani, akaikumbatia kwa mkono wa kushoto isimponyoke, akaipiga kwa mkono wa kulia. *Du.* Akapiga tena kwa nguvu zaidi. *Du.*

Akautazama mkono wake. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwako yalia. Kwangu hailii. Mama Nasra, mkono wangu umekufa."

Sabiha alikuwa ameshaanza kucheka, akayaona macho ya mumewe, kicheko kikakatika. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hajapata kuyaona macho hayo isipokuwa siku ya mazishi ya mama mkwe. Hakumpa pole. Aliichukua tomu kutoka pajani, akaishika tena kwa vidole viwili kwenye pete, akaining'iniza mbele yake.

"Haya, piga. Nimekushikia."

"Si nimeshapiga?"

"Piga, Baba Nasra."

Akapiga. Ikalia kuliko ilivyolia kwa Sabiha. Ililia mpaka paka akashuka ukutani.

Sitaki kusema alilia, maana mwenyewe anakana. Nasema tu kwamba alijipangusa uso kwa shati lenye grisi, na kwa muda alionekana kama aliyepigwa rangi. Halafu furaha ikampisha mgeni mwingine, na huyo mgeni ndiye Uweso halisi: udadisi. Maana ikiwa si mkono na si ngoma, ni kitu gani basi? Ni nani anayeila sauti?

"Weka mezani," alisema. Wakapiga: *du*. "Weka kwenye mkeka." *Du*, ingawa nafuu kidogo. "Shika kwa viganja viwili, ubavuni." *Du*. "Sasa pete tu." Ikalia. Akaanza kuhesabu sauti inakaa muda gani, kwa midomo, kama anayehesabu tasbihi. Pajani, moja. Mkekani, mbili. Ikishikwa pete kwa vidole, alifika saba. Akamwambia Sabiha ashike pete kwa vidole viwili, lakini yeye akaugusa ubavu wa ngoma kwa kidole kimoja tu, kwa upole. Akafika nne. Kidole kimoja kilikuwa kimekula tatu nzima.

Nazi haikukunwa jioni ile. Wali ukaliwa mkavu, na samaki.

"Lakini wewe wafanya kama kwamba umegundua bahari," Sabiha alisema walipokuwa wanakula. "Sisi dufu twalishikaje? Kwa ukingo, kidogo tu. Mwali akija mpya akalikumbatia, twampiga kofi la mkono, maana ukilikumbatia halisemi. Wewe ile ngoma waishika kama kuku wa sikukuu, asije akakimbia."

Uweso aliacha kula. Aliigeukia ile tomu ya pili, ambayo bado ilikuwa kwenye chuma chake, akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Bomba lililoingia tumboni. Bamba tatu. Boliti nane. Akazihesabu washa, akapata kumi na tisa, na kila moja aliikumbuka mwaka wake. Na kila mwaka aliokaza, sasa alikumbuka, ndio mwaka ambao Mzee Marhun, na baada yake Fakhria, alisema, "Piga kwa nguvu kidogo, Bwana Uweso." Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali: spana.

Jumatano alianza kutafuta namna ya kuishika ngoma bila kuigusa. Uchawi huo, Innocent alisema, si kazi ya Ngamiani. Kwanza alikata tyubu za baiskeli, akazifanya kamba, akaitundika tomu kwenye nguzo ya kibanda. Ililia vizuri ajabu, pigo la kwanza. Pigo la pili ilikuwa imeshakimbia, fimbo ikapiga hewa na ngoma ikarudi ikampiga yeye pajani. Wateja wawili walicheka mpaka mmoja akasahau kilichomleta.

"Hiyo bembea," Innocent alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Tia mtoto ndani alale!"

Alhamisi alikuwa akinyoosha ringi ya baiskeli ya mtoto, namba kumi na sita, huku mawazo yako kwingine. Alilizungusha gurudumu, akakaza spoki moja, akalegeza nyingine, kama alivyofanya mara elfu. Kisha mkono ukasimama. Alikuwa akilitazama lile bomba dogo la katikati ambalo ndilo hubeba uzito wote wa mwendeshaji. Halikugusana na ringi popote. Limeshikwa na vijiti vyembamba tu, hewani, na mtu mzima hulikalia akaenda nalo mpaka Muheza akarudi na gunia la machungwa. Kumbe kushika si lazima iwe kukaba! Na yeye kazi hiyo ameifanya toka ujana, kila siku, bila kuiuliza swali. Kinyozi hajinyoi.

Halafu akaona la pili. Akaichukua ringi nyingine kama ile, kuukuu, ya chuma, akaiweka juu ya tomu. Upana ulikuwa karibu uleule. Akacheka peke yake. Akaibana kwenye jiliwa, akaikata nusu kwa msumeno wa chuma, akaitanua kidogo kwa nyundo mpaka ikawa mwezi mchanga unaozunguka ngoma bila kuugusa ubavu wake. Matundu ya spoki yalikuwapo tayari, manne akayapanua. Zile boliti ndefu zinazovuta pete na kubana ngozi akazipitisha humo, ili ngoma ining'inie kwa boliti zake yenyewe kwenye ule mwezi wa chuma. Lile bomba nene akalitoa tumboni, akalikata, na Innocent akalichomelea kwenye mwezi, upande wa nje.

Wakapiga. Ililia, lakini kulikuwa na mbu ndani yake: chuma kilikuwa kinagongana na chuma. Uweso hakuhitaji kufikiri sana. Akakata viduara vya tyubu, akaviweka juu na chini ya kila tundu, boliti isikutane na ringi ila kwa kupitia mpira. Mbu akafa. Akahesabu: sita.

"Sita si saba," Innocent alisema. Naye alikuwa ameshaambukizwa.

"Saba ni vidole vya Mama Nasra. Hivyo siwezi kuvichomelea."

Ijumaa baada ya sala alimaliza ya pili. Ubavuni mwa kila tomu lilibaki tundu tupu, alilolitoboa mwenyewe, na aliliacha vivyo hivyo. Kazi ingekuwa imekwisha, lau si jambo moja. Zilikuwa zinatikisika. Ukizigusa tu, zinaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama watoto wa chuoni mbele ya mwalimu. Uweso alizitazama akahisi jasho. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Akakaza nusu mzunguko, mpira ukabinyika, akapiga, akahesabu: nne. Akalegeza, akahesabu: sita. Akakaza tena, basi tu, kwa sababu hakuweza kuvumilia. Nne. Akalegeza, akaenda kuoga.

Jumamosi alasiri kirikuu iliwashusha Pongwe na vyombo vyao. Turubai lilikuwa limeshafungwa, pilau inanukia, na akina mama wamevaa sare ya manjano. Badru alipoziona tomu alishtuka kwa huruma ya kweli.

"Mzee wangu, nati zimelegea! Ngoma zacheza kuliko maharusi."

Fakhria akaja, akaigusa moja kwa ncha ya kidole. Ikaitikia ndiyo, ndiyo. Uso wake ukafunga. "Siku ya leo, Mzee Uweso? Leo ndiyo waniletea ngoma mbovu?"

"Ziache hivyo hivyo, Bi Fakhria. Nakuomba."

Akamtazama kwa kitambo, kisha akamgeukia Badru. "Kaa tayari." Badru akaweka kidole kwenye kitufe.

Nyimbo mbili za mwanzo zilikuwa za kukaribisha wageni, hazina tomu. Ya tatu ndiyo. Fakhria aliimba ubeti akauinua, akafika pale pake, akauliza, akanyamaza, na mkono wake wa kulia ukaanza kupanda. Uweso akapiga pigo la kwanza. Tomu ya kulia ikainama, ikayumba mbele ya macho yake, na kila alichojifunza tangu ule mteremko kikampigia kelele: itachomoka, ikaze, ikaze! Mkono wa kushoto ukashuka kwenye mfuko wa nyuma. Akaihisi spana. Halafu akauacha mkono urudi na fimbo yake, akapiga ya pili, na ya tatu, akaziacha zote mbili ziyumbe zitakavyo.

Zililia. Turubai lote lilisikia, na waliokuwa jikoni wakatoka na miko. Sauti ya tomu ya kulia ilikaa mpaka pale kiitikio kinapotakiwa kuingia, na kiitikio hakikuingia, kwa sababu mwimbaji alikuwa amegeuka nyuma, mdomo wazi, mkono umeganda nusu ya njia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Fakhria binti Marhun alikosa kuingia. Ikabidi Uweso azunguke tena. Akazunguka kwa raha zake, vigelegele vikapanda, na Badru akaondoa kidole kwenye kitufe akaanza kupiga makofi.

Jua lilikuwa linashuka alipokuwa akifungua vyombo. Fakhria alikuja peke yake, amevua viatu vya kuimbia ameviweka kwapani. Akasimama mbele ya zile tomu. Alilitazama lile tundu tupu ubavuni, akautazama ule mwezi wa chuma, akavigusa viduara vya mpira kimoja kimoja.

"Bwana Uweso," akasema. "Nilisema mkono wako umezeeka. Nilisema mbele ya watu. Nisamehe."

Ingetosha kunyamaza. Ingetosha kusema *yamekwisha*, akaupokea msamaha kama haki yake, akaenda nao nyumbani. Nadhani wengi wetu tungefanya hivyo.

"Mkono haukuzeeka, Bi Fakhria," Uweso alisema. "Mkono ndio mwizi. Hizi ngoma zilikuwa zikilia tangu siku aliyozileta marehemu. Ni mimi niliyekuwa nikizikaba, mwaka hadi mwaka, na kila ukiniambia sisikii, mimi nakaza."

Fakhria aliviweka viatu chini. Aliigonga tomu kwa kifundo cha kidole, wakaisikiliza wote wawili mpaka ikaisha. Ilipoacha kulia iliendelea kuyumba kidogo, na jicho la Uweso likaifuata, na mkono wake, bila yeye kujua, ukaanza safari ya kwenda mfuko wa nyuma.

"Nipe hiyo," Fakhria alisema, akanyoosha kiganja.

"Nini?"

"Spana. Ijumaa ijayo tuko Muheza, na uje na fimbo zako tu. Hii utaikuta kwangu Jumamosi yake asubuhi."

Uweso akaitoa. Akaishika kidogo, kisha akampa.